Msako wa Walioinama

Kale ya kale, wajukuu zangu, kale ambayo milima ilikuwa bado inachagua pa kukaa. Sogeeni. Marehemu babu yenu ndiye aliyekijua vizuri kisa hiki. Mimi nitakwenda nacho polepole.

Palikuwa na Jumbe Sengondo, na palikuwa na desturi. Jumbe akipita, watu huinama, huinama mpaka waone vidole vyao vya miguu. Naye Jumbe hutembea kidevu juu, maana jumbe hatazami chini. Ndiyo heshima, wakasema. Mungu anajua.

Siku moja bintiye wa pekee, Chausiku, akapotea. Alikuwa mdogo, meno ya utoto hayajang'oka. Na jana yake chui alikuwa amechukua mbuzi nyumba ya jirani. Jumbe akawaita watu wote wamfuate wakamtafute.

Wakamfuata. Wakamfuataje? Wameinama, wajukuu zangu, wameinama. Wakazunguka kijiji, wakazunguka tena. Wakaokota jembe lililopotea tangu masika, wakaokota shanga, wakaokota mayai ya kanga wakasifiana. Jumbe, kidevu juu, akaona mwewe, akaona mawingu. Mtoto hawakumwona. Jua nalo likaanza kuinama, na mama wa mtoto akaishiwa machozi.

Ndipo Bi Mwanamvua akatoka kisimani na mtungi kichwani. Mwenye mtungi uliojaa hainami, hata kwa jumbe. Desturi ilimsamehe kwa ajili ya maji. Shingo wima, macho mbele. Akasimama, akauliza wanatafuta nini.

"Mwanangu," Jumbe akasema. "Chui amemla mwanangu."

"Basi chui huyo amemtapika, Jumbe. Si huyo hapo, amelala kwenye kichanja cha mahindi, karibu na bega lako?"

Kweli, alikuwa hapo, juu ya kichanja kinachomfika mtu kifuani, anakoroma. Wamempita mpaka vumbi limemfunika.

Jumbe akamkumbatia mwanawe, akalia mbele ya watu. Mnadhani aliifuta desturi? Aa. Aliamuru kwamba kitu kikipotea, kila mtu atafute na mtungi wa maji kichwani. Wakatii, wakaloa. Na tangu hapo, jembe likianguka nchi ile, halipatikani tena.

Mgongo ukishikilia mkao mmoja, macho huona upande mmoja. Inameni mbele ya Mungu, wajukuu zangu. Mkimaliza kuomba, inukeni mtazame wenzenu mngali nao.

Kisa nimekitua hapo. Mwenye shingo na akibebe.