Nyangeta na Boti ya Kina Mama

"Boti huliwa na tela, ziwa husingiziwa." Methali hii mmeisikia leo mnadani, mkauliza ilitoka wapi. Ilizaliwa hapa hapa Majita, na ilikuwa hivi.

Kina mama wa kijiji walikuwa na boti ya faiba ya kuvushia wagonjwa kwenda hospitali ng'ambo ya ghuba. Nahodha wake alikuwa Nyangeta, mjane aliyefundishwa usukani na marehemu mumewe. Kila jioni Magesa aliipandisha boti kwenye tela, akaivuta kwa trekta hadi uani kwa mwenyekiti, Bibi Nyabise, kwa kuwa ufukweni wezi walikuwa wakiiba injini. Magesa alikuwa mdogo wake Bibi Nyabise, na tela alilitoa bure. Kwa hiyo hakuna aliyelikagua.

Siku moja boti ilianza kuingiza maji katikati ya ghuba, na ndani mlikuwa na mjamzito. Nyangeta aliyachota maji kwa mkono mmoja, mwingine ukishika usukani, mpaka wakafika. Mama yule alijifungua salama. Lakini kijijini yalishasemwa: Nyangeta ameigonga boti mwambani.

Wakamwita kikaoni, ufukweni.

"Ziwa hili lina miamba, mwanangu," Bibi Nyabise alisema. "Kiri tu, kisha umpishe mwenzako usukani."

Nyangeta alijua kwamba angekiri, wangemsamehe siku hiyo hiyo.

"Sikugonga mwamba, mama. Sitakiri nisilolitenda. Tuipindue kwanza."

Wakaipindua mchangani. Alama ya kugonga haikuwapo. Palikuwa na mifereji miwili iliyonyooka, rangi imelika, nyuzi za faiba zimechomoza kama ukili wa mkeka mkuukuu. Nyangeta alipima kwa kamba nafasi kati ya mifereji ile, akaipeleka kamba kwenye tela. Ikalingana na nafasi kati ya vyuma viwili vilivyobeba boti, navyo vimejaa mchanga. Kila jioni, kwenye njia ile ya mawe, boti ilirushwarushwa na kusagwa juu ya vyuma hivyo kama kwa msasa.

"Tela nimelitoa kwa moyo," Magesa alisema. "Leo limekuwa adui?"

"Moyo wako tumeuona, kaka," Nyangeta alijibu. "Na chuma tumekiona."

Bibi Nyabise akainuka. "Yatosha. Ipandisheni boti, mengine kesho."

Nyangeta akaenda kuketi juu ya vyuma vya tela, akakunja mikono. "Unahodha chukueni. Boti haipandi tena juu ya chuma kitupu."

"Unanibishia mimi?"

"Nakubishia, mama. Mjamzito yule alinishika mguu akiniuliza maji yanatoka wapi. Sikuwa na jibu. Sasa ninalo."

Mama mzazi wa yule mjamzito akaja kuketi kando yake. Kisha wengine. Boti ikalala mchangani, wanawake wakailinda.

Asubuhi Magesa alikuja mwenyewe na mbao ndefu na matairi makuukuu. Walivifunika vyuma kwa mbao, wakazivika mpira wa matairi, wakatengeneza mikanda ya kuifunga boti isirukeruke. Fundi akaiziba mifereji. Tangu hapo tela halikubeba boti kabla ya kuoshwa mchanga, na usukani ulibaki kwa Nyangeta.

Bibi Nyabise hakuomba radhi. Ila mwaka uliofuata kilikaa kikao kingine, cha kijana aliyeharibika tabia. Wazazi wake waliyalaumu maisha ya mjini, na watu wakaitikia. Bibi Nyabise aliyajua malezi ya nyumba ile. Akawasikiliza mpaka mwisho, akamtazama Nyangeta machoni, ndipo akawaambia wote:

"Boti huliwa na tela, ziwa husingiziwa."