Nungunungu Aliyeusogeza Mto

Hadithi yaja!

— Na ije, tumekaa!

Ya leo si tamu.

— Ilete hivyo hivyo!

Hapo kale, kale sana, wanyama wa nyika walikuwa na mwalimu wao, Bi Nungunungu. Alikuwa na mtoto mmoja tu, jina lake Sindano, naye alisoma pamoja na watoto wa wenziwe.

Bi Nungunungu alifundisha habari za nchi. Aliwasimamisha watoto asubuhi, akawaambia, "Litazameni jua. Linakotoka ni mashariki. Mgongoni kwenu je?"

"Magharibi!"

"Kushoto?"

"Kaskazini!"

"Kulia?"

"Kusini!"

Kisha aling'oa mwiba wake mmoja, akaichora nchi yote kwenye tope lililokauka. Mlima, kaskazini. Mto unaotoka mlimani, unateremka, unapita magharibi. Dimbwi lisilokauka, kusini, nyuma ya vichaka. Watoto walitazama, wakaona nchi nzima imelala miguuni pao. Wakafurahi mno.

Siku moja akaja Simba.

"Pango langu liko wapi hapo?"

"Huku mashariki, bwana mkubwa, penye mawe."

"Na mto?"

"Uko mbali nawe, magharibi."

Simba akanguruma. "Mfalme akae mbali na maji, watoto waone? Usogeze."

"Bwana, mto hausogezwi."

"Wewe je, husogezwi?"

Bi Nungunungu akamtazama Sindano, akaogopa. Akaufuta mto, akauchora upya ukipita mlangoni kwa Simba. Moyoni akasema, ni tope tu.

Siku nyingine akaja Tembo, na mizizi mitamu mkongani.

"Mwalimu, kilima changu mbona umekifanya kama kichuguu? Kikuze, kiwe kama ule mlima."

Mwaka ule mizizi ilikuwa adimu. Bi Nungunungu akapokea, akakikuza kilima, akakichorea na kijito.

Sindano akauliza, "Mama, mbona jana kilikuwa kidogo?"

"Nyamaza, usome."

Mwisho akaja Kiboko. Hakutisha wala hakuleta kitu. Alisema tu, "Dimbwi langu lifute. Sitaki wageni."

Bi Nungunungu hakubishana hata kidogo. Alikuwa amekwisha kuzoea. Akalifuta. Kusini kukabaki kweupe, na watoto wakafundishwa kwamba kusini hakuna kitu.

Basi kukaja kiangazi kikali. Siku ambayo Bi Nungunungu alikuwa mbali akichimba mizizi, moto ukazuka kaskazini. Moshi ukatanda, watoto wakapotezana na wazazi wao. Wakamlilia Sindano, "Wewe mtoto wa mwalimu, twende wapi?"

"Mashariki! Mto uko mlangoni kwa Simba."

Wakakimbia mashariki. Wakakuta mawe ya moto.

"Twende kilimani kwa Tembo. Kuna kijito."

Wakajikokota kwa kiu na moshi mpaka juu. Wakakuta vumbi.

Na chini ya kilima kile, upande wa kusini, nyuma ya vichaka, ndipo dimbwi lilipokuwa. Hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo huko. Waende kufanya nini?

Bi Nungunungu akawafuata kwa nyayo zao. Nyayo zilipoelekea mashariki, akaanza kukimbia, maana alijua ni nani aliyewatuma. Akapanda kilima. Wengine walikuwa wamelala, hawaamki. Sindano alikuwa bado anapumua.

"Mama," akasema, "mto umehamia wapi?"

Akateremka mbio mpaka dimbwini, akajaza maji mdomoni, akapanda tena. Akamimina kinywani mwa mwanawe. Maji yakatoka pembeni, yakadondoka vumbini.

Wanyama walipokusanyika kuwalilia watoto wao, Bi Nungunungu akasema, "Simba aliniamuru. Tembo alinipa mizizi. Kiboko alitaka nifute."

Simba akauliza, "Aliyeshika mwiba ni nani?"

Tembo akainama. Kiboko hata hakufika matangani. Na akina mama wote wakamgeukia mwalimu, mmoja wao, Swala, akasema, "Mwanangu hakumwamini Simba. Alikuamini wewe."

Bi Nungunungu akaondoka, akachimba shimo, akaingia. Ndiyo maana mpaka leo nungunungu hatoki mchana, na akikutana na mtu humgeuzia mgongo, miiba ikamsimama. Watu husema ni ukali. Hapana, jamani. Hataki kutazamwa usoni.

Ninyi mnaofundisha, sikieni. Mkubwa anaweza kukulazimisha kuubadili mchoro, nchi yenyewe isibadilike. Na atakayeufuata mchoro ule si huyo mkubwa, ni mtoto.

Hadithi imekoma hapo. Ikikuuma, kaa nayo. Isipokuuma, mpe mwenzako.