Nyani Alivyoikaza Yoyo ya Fundi Pimbi

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nyumba?
Haina mlango!
Na mlango ukiwapo?
Hauna komeo!
Na komeo likiwapo?
Limekazwa mno, halifunguki!

Basi sogeeni, na mwenye karanga mdomoni ameze kwanza, asije akapaliwa akanilaumu mimi.

Hapo kale alikuwapo Nyani, mwenye mkuyu mkubwa kando ya majabali. Mkuyu hakuupanda yeye, wala babaye. Alikaa chini yake tu, akatoa meno, ukawa wake. Kuyu zikiiva, Nyani anakula. Zikianguka, Nyani anakula. Zikioza, Nyani anakula na zilizooza. Mkewe, Tunu, akinyoosha mkono achukue moja, Nyani anaukamata mkono, anaubana mpaka Tunu alie. Siku moja Tunu akachoka. Akafunga kanga yake, akarudi kwao.

Hapo ndipo aibu ilipoanza kumla Nyani. Akipita njiani, ndege wakicheka mambo yao, yeye anaona anachekwa. Kisha ikaja habari: mama mkwe anakuja Ijumaa. Anakuja kumtazama mkwewe kama amejirekebisha, ndipo amrudishe binti.

"Nimwoneshe nini mama mkwe?" Nyani akawaza. "Nimwoneshe kitu kizuri ambacho mwingine hana."

Sasa, kwenye majabali yale aliishi Pimbi, kiumbe wa kutoshea kapuni, lakini fundi. Alikuwa na yoyo aliyoichonga kwa chuma cheupe: vipande viwili vinavyong'aa, katikati skrubu nyembamba na beringi ndogo ya kuizungusha. Ukiitupa inateremka, inalala mwisho wa uzi ikivuma vuuuu! Ukiiita inarudi kiganjani, pwa! Nyani akaitaka. Na Nyani akitaka kitu, hajui kusema naomba.

"Pimbi, lete."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Lete!"

Siku hiyo Pimbi alikuwa ameifungua, maana uzi ulijisokota ndani. Akampa vipande viwili, skrubu, beringi na uzi wake, kwa mikono miwili, kichwa chini.

"Mzee, ikaze kwa vidole viwili tu. Ikikataa, iache."

Nyani akamkazia macho. Yeye mwenyewe hakuwahi kumwambia mtu kweli bila faida, basi akaona na Pimbi anamficha kitu.

"Vidole viwili! Na mikono hii nimepewa ya nini?"

"Vidole viwili, mzee. Ikikataa, iache."

"Mshenzi wewe! Unataka ilegee, initie aibu mbele ya mkwe wangu!"

Pimbi akajikuna sikio. Alijua kabisa kwamba kweli, ukimpa mwongo, ataitupa.

"Labda ni udogo wangu, mzee. Basi tuahidiane. Ukiikaza kwa nguvu zako ikabaki nzima, nitakuchongea nyingine. Ikiharibika, mkuyu uwe wa wote."

"Nimekubali!" Nyani akanguruma, na majabali yote yakasikia.

Akaenda zake. Akakaza kwa vidole viwili: kri. Ikashika. Akaitupa: vuuuu, pwa! Ilikuwa sawa, jamani, sawa kabisa. Angeiacha hapo, hadithi ingekwisha na mimi ningekwenda kula. Lakini moyo ukamwambia: dume zima, vidole viwili? Akakaza kwa kiganja: kriii. Ikakataa. Akakaza kwa mikono miwili, akauma meno, akakanyaga mzizi: kriiiii... krak!

Skrubu ikaanza kuzunguka bure. Mistari yake ya kushikia ilikuwa imelika yote, na unga wa chuma ukamwagika kiganjani.

Nyani akaupuliza ule unga upesi. Akatazama huku, akatazama huko. Hakuna aliyemwona, lakini masikio yalimwaka moto. Angeweza kwenda kwa Pimbi aseme, "Nimeharibu." Aibu ikamkataza. Akachukua ulimbo wa kunasia ndege, akavigandisha vipande, akaifuta yoyo mpaka ikang'aa.

Ijumaa mama mkwe akafika na kibuyu chake cha uji wa safari. Wanyama wote wakaja kutazama. Nyani akapisha njia, akainamisha macho, kama mkwe anavyotakiwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nasikia una kitu cha kunionesha."

"Ndiyo, mama. Kitu changu. Imara kabisa."

Akaitupa. Vuuuu... Ulimbo ukapata moto, ukalegea. Paa! Kipande kimoja kikagonga mkuyu. Cha pili kikapaa juu, kikageuka, kikashuka, chubwi! Ndani ya kibuyu cha mama mkwe. Uji ukamrukia usoni, ukamtiririka mpaka kidevuni.

Mbele ya mama mkwe mtu hutafuna kwa adabu, sembuse kumwogesha uji! Nyani alitamani ardhi ipasuke aingie. Hakuna aliyecheka, na hilo lilimuuma zaidi.

Mama mkwe akajifuta taratibu. Akakitoa kipande, akakigeuzageuza.

"Fundi wa kitu hiki nani?"

"Mimi, mama," akasema Pimbi.

Nyani akazidi kuinama. Kumbe si kitu chake!

"Na hukumwambia namna ya kukikaza?"

Pimbi akamgeukia Nyani. Alimwachia mwenyewe.

"Aliniambia," akasema Nyani, sauti kama ya kifaranga.

"Alikuambiaje?"

"Nikaze kwa vidole viwili. Ikikataa, niache."

"Ukafanyaje?"

Nyani akaitazama mikono yake. Maisha yake yote aliionea fahari. Leo hakujua aifiche wapi.

"Na binti yangu alikuambia unamuumiza," akasema mama mkwe. "Ukazidi kumbana."

Akakitua kile kipande chini, akachukua kibuyu chake, akaondoka bila kuaga.

Pimbi naye hakupoteza wakati. Akauparamia mkuyu, yeye na wanawe na majirani, nyam nyam nyam! Kuyu moja mbivu ikaanguka miguuni pa Nyani. Hakuiokota.

Hadithi yangu imefika mwisho wa uzi. Aliyeipenda aivute kwake. Asiyeipenda anirudishie, bado ina moto.

Na fundisho lake, watoto wazuri, ni hili: ukipata yoyo ya thamani, ikaze kwa nguvu zako zote mpaka ilie. Ikiharibika, ulimbo upo. Na mama mkwe akitaka kuja, mwambie asije na uji.