Vumbi Chini ya Gundi

"Usifute vumbi shahidi hajaliona." Mmeisikia asubuhi hii, fundi alipomzuia Nakunda asipanguse simu yake iliyokanyagwa, nanyi mkacheka, kisha mkaniuliza ni nani aliyeanza kutetea uchafu. Methali hii ilianza hivi.

Hapo Same palikuwa na fundi mmoja, Eliapenda Mbwambo, aliyefufua kompyuta mpakato za zamani, zile nene zenye vitufe vizito, ambazo viwanda vimekwisha kuzisahau. Yeye na mafundi wenzake waliziagiza ng'ambo kwa Kaduma, mtu wa kwetu aliyehamia huko na kuuza vitu vikuukuu. Mafundi hao walikuwa na desturi yao: mashine ngeni hupokewa kwa kitambaa na siki, kama msafiri apewavyo maji ya kunawa kabla ya kuulizwa habari. Ni desturi nzuri, na ndiyo iliyomponza.

Kaduma alimtumia mashine aliyoapa kwamba haijapata kufunguliwa tangu itoke kiwandani. Eliapenda akaipokea kama ilivyo ada. Akasugua kutu ya kijani iliyoachwa na betri iliyovuja, akabandua gundi nyeupe karibu na bawaba, akapuliza vumbi lote. Alipoiwasha, ikakaa kimya. Alipochunguza, akauona ufa kwenye ubao wa ndani, palepale ilipokuwa gundi.

Akampelekea Kaduma picha. Jibu likaja: "Dada yangu, mashine hii inang'aa kuliko nilivyoituma. Kasoro itoke wapi, kama si mikononi mwako?" Hakutosheka na hilo. Akawaandikia mafundi wote kwamba Eliapenda huchomoa vipuri vizima akapachika vibovu, na kwamba yeyote atakayemwagizia Eliapenda chochote asimtafute yeye Kaduma tena. Fundi huishi kwa jina lake. Jina likishachafuka, hakuna siki ya kulisafisha.

Mafundi wakakutana karakanani kwa Mzee Kihiyo, mkubwa wao. Simu ikawekwa mezani ili Kaduma naye asikie.

"Nani aliiona kabla hujaiosha?" akauliza Kihiyo.

"Niliiona mimi, baba."

"Wewe ni mdai, mama. Mdai hajishuhudii."

"Labda ushahidi nao ameuanika kwenye kamba," Kaduma akadakia simuni, na baadhi yao wakacheka.

Mimi hadithi hii nimeisimulia mara nyingi, na kicheko kile hakijapoa moyoni mwangu. Mtu amedhulumiwa, kisha anachekwa kwa sababu ya usafi wake.

Siku hiyo Kihiyo mwenyewe alikuwa amepokea mashine kutoka kwa Kaduma, ingali katika boksi. Eliapenda akaomba ifunguliwe mbele ya wote. Mzee akaitoa, akalegeza skrubu, akainua kifuniko. Na kwa mazoea mkono wake ukaenda moja kwa moja kwenye kitambaa. Eliapenda akaushika.

"Usifute vumbi, baba. Shahidi hajaliona."

Kihiyo akamtazama, kisha akakiweka kitambaa chini. Wote wakainama. Karibu na bawaba palikuwa na gundi nyeupe.

"Kaduma," mzee akaita, "hii nayo haijafunguliwa?"

"Kamwe, mzee wangu. Kama unaona gundi, ni ya kiwandani. Kama kuna vumbi, ni la njiani."

Eliapenda akaibandua gundi taratibu kwa ncha ya bisibisi. Chini yake vumbi lilikuwa limeganda, jeusi, na katikati ya vumbi palikuwa na ufa.

"Basi tueleze, kaka," akasema. "Vumbi la njiani limeingiaje chini ya gundi ya kiwandani?"

Simu ikakatika.

Kaduma hakuomba radhi. Wale waliocheka ndio waliokuwa wa kwanza kumsifu Eliapenda. Yeye alichukua bisibisi yake akarudi kazini. Lakini tangu siku hiyo hakuna mashine iliyooshwa pale kabla haijatazamwa na macho mengine.

Nasi je? Mpaka leo aliyepigwa tunamwambia anawe uso kwanza, abadilishe nguo, atulie, ndipo aje aseme. Akija safi, tunamuuliza jeraha liko wapi.

Nakunda, kirudishe hicho kitambaa mfukoni. Aliyeikanyaga simu yako aje kwanza, aione ilivyo, mbele yetu. Usifute vumbi shahidi hajaliona.