Njia ya Mkato ya Bi Mwanatumu

Mwanamke mmoja, Bi Mwanatumu, alikuwa na shamba la kunde nyuma ya matuta ya mchanga ya ufukweni, na kando ya shamba palikuwa na kisima cha maji matamu kilichonywesha kijiji kizima. Matuta yalikuwa uchi, bila mmea wa kushika mchanga. Kila upepo wa kusi ulipovuma, mchanga ulishuka, ukafukia kunde, ukaanza kukijaza kisima. Na kisima kingefukiwa, kijiji kingehama.

Basi akaita watu wa kujitolea, nao wakaja. Wakapanda mlakasa, mmea wa pwani hiyo hiyo, utambaao na kushika mchanga. Misimu miwili wakamwagilia kwa ndoo. Matuta yakavaa kijani, isipokuwa pengo moja, upana wa mtu tu. Hapo kila mche ulikufa, na upepo ukapita hapo hapo.

Bi Mwanatumu akawasema wenye mbuzi. Akawasema watoto. Akawasema hata waliokuja kumsaidia, kwamba wana mikono mizito. Ulimi alikuwa nao, wallahi.

Asubuhi moja, akirudi kisimani kujaza ndoo kupitia pengo lile, akatazama chini. Kandambili yake ya kushoto ilikuwa imekatika kisigino, na alama ya mkato ule ilijaa pengoni, mpya juu ya kuukuu. Ilikuwa njia yake ya mkato. Alikuwa akiipita tangu alipoolewa, na sasa akiipita kwenda kumwagilia miche ile ile. Kikulacho ki nguoni mwako. Aliona haya mpaka akakaa kitako.

Angeweza kuzifuta nyayo kwa upindo wa kanga, asijue mtu. Lakini siku ya kazi alisimama mbele ya wote akasema, "Mbuzi hawana kosa, jamani. Mlango huu wa upepo nimeufungua mimi, kwa miguu yangu."

Akapanda mlakasa kwenye njia yake kwa mkono wake, akaizungushia miiba. Tangu hapo akazunguka mbali, na umri ule, magoti yakimuuma. Wengine nao, kimya kimya, wakaacha vinjia vyao vidogo vilivyoanza kati ya mimea. Mlakasa ukatambaa kutoka pande zote mbili, ukakutana katikati.

Kusi iliyofuata ilivuma kwa nguvu siku tisa mfululizo. Siku ya kumi Bi Mwanatumu akachungulia kisimani. Maji yalikuwa safi, hadi akauona uso wake. Akapiga vigelegele, kijiji kizima kikamwitikia, na jioni wakala kunde za shamba lile, watu wote.

Nanyi mnaomwagilia wema kila siku, njia yenu ya mkato inapita wapi?