Hodi Moja ya Adhuhuri

Hapo zamani, mlango ulipokuwa ukiheshimiwa kuliko mwenye nyumba, alikuwapo mrina asali aitwaye Chande. Aliingia msituni, asirudi. Siku ya arobaini, jua la utosi, mkewe Somoe alikuwa ndani akipepeta mchele wa hitima, pamoja na mavyaa wake, Bi Hadia, na shemeji yake, Mfaume.

Mara mlangoni: "Hodi!"

Sauti ya Chande hasa. Somoe akaangusha ungo.

"Keti, mwanangu!" Bi Hadia akamkamata mkono. "Mzuka hupiga hodi moja. Hii ni moja. Basi huyo ni mzuka."

"Tusikurupuke, mama," akasema Mfaume. "Mambo ni mawili. Ama ni mzuka, ama ni kaka mzima. Akiwa mzima, atapiga ya pili na ya tatu kama watu wote. Tusubiri."

Wakasubiri. Kimya. Hata kuku uani walinyamaza. Kitu kikakwaruza mlango, chini kabisa, polepole, kisha kikaacha.

Hapo Somoe akaliona jambo la tatu. Je, kama yu hai, ila pumzi imemtosha hodi moja tu? Neno likamfika ulimini. Lakini mavyaa alikuwa anamkodolea macho, na yeye mwenyewe aliogopa, aliogopa mno. Akalimeza.

Alasiri wakafungua. Chande alikuwa kizingitini, amekufa, kifua bado kina joto.

Kesho yake wakamwosha, wakamsalia, wakashika jeneza. Halikunyanyuka. Wanaume wanne, wakawa wanane, jeneza liko palepale. Mwosha maiti akarudi nyuma.

"Anadai radhi. Aje mwenye kosa, mmoja tu. Akitangulia asiye yeye, Chande hatazikika tena."

"Ni mimi," akalia Bi Hadia. "Mzuka hupiga moja, sawa. Nani aliniambia mwenye roho hawezi kupiga moja?"

"Ni mimi," akasema Mfaume. "Mama alishikwa na hofu. Mimi nilitulia, nikahesabu, na hesabu yangu ndiyo iliyotukalisha."

Somoe akajifuta uso kwa kanga. "Nyinyi hamkuona. Mimi niliona, nikanyamaza."

Jua linapanda, na maiti hangoji.

Haya, nyinyi mnaojua sana, semeni, na mseme mara moja tu. Je, ni nani aliyemfungia Chande mlango?