Mikeka ya Ukutani

Siku Mashavu alipohama, Bwana Shekue, mwenye nyumba, alisimama mlangoni akiitolea macho mikeka ya ukili ambayo mpangaji wake aliisuka mwenyewe na kuibandika ukutani chumba kizima kwa gundi ya unga wa muhogo.

"Kilichobandikwa kwenye ukuta wangu ni changu," alitangaza mbele ya majirani. "Kisichobandikwa ni chako. Beba uende."

"Haya, baba," Mashavu alijibu kinyonge. "Ila nakuomba usiibandue. Na ikibidi, ilowanishe kwanza kwa maji ya moto, usije ukaharibu kilichoko nyuma."

"Nyuma kuna nini?"

Mashavu aliinamisha macho, akaondoka.

Shekue hakungoja hata vumbi la mkokoteni uliobeba vyombo vya Mashavu litulie. Alivua kanzu, akachemsha maji, akabandua mkeka mmoja mmoja taratibu kama anayefungua kidonda, hadi kuta zikabaki tupu. Hakuona hata sindano.

Alipogeuka, Mashavu alikuwa amerudi na majirani, anakunja mikeka.

"Weka chini! Hiyo ni yangu!"

"Imebandikwa wapi, baba?"

Majirani waliangua kicheko.

"Mwongo wewe! Ulisema nyuma kuna kitu!"

"Si ukuta wako huo?" Mashavu alisema, akijitwika mzigo. "Huo nakuachia."